Daftari la Kimanga

Saa kumi na mbili na robo, ua la boga limeshafunguka.
Lina saa nne tu za kuishi, kisha linajikunja
kama mwavuli uliolowa,
na asiyefika, hakufika.

Mimi ndiye mshika daftari.
Miaka ishirini na sita nilihesabu saruji
ghalani Kurasini: vijiti vinne, cha tano kinalala juu yake.
Leo nahesabu nyuki kwa vijiti vilevile,
bila mshahara, nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
na mkono haujasahau.

Tuko saba. Skola akitoka zamu ya usiku wodini
hupitia hapa na viatu vyake vyeupe,
akague mbaazi kabla hajakiona kitanda.
Chinguile huleta samadi ya kuku kwa bodaboda,
dereva akilalamika hadi kona ya mwisho.
Mwamvita hana muda na majina ya vitabuni:
yule nyuki mweusi, mnene, anayetoboa kenchi za banda lake
anamwita Fundi,
nasi tumeandika hivyohivyo.
Fundi, wawili, kwenye mbaazi.

Mwaka huu mvua za masika zilichelewa,
kisha zikaja zote usiku mmoja.
Maji ya bondeni yalipanda hadi tuta la tatu,
yakabeba mchicha, yakatuachia ndala ya mtoto,
ya kushoto.
Mwamvita aliiosha, akaitundika kwenye uzio.
Bado ipo.

Mei wakaja watu wa moshi wa mbu.
Hatukuwalaumu; homa ilikuwa imelaza nyumba tatu,
na mwanawe Skola alikuwamo.
Lakini soma ukurasa wa Juni:
tarehe sita, nyuki hakuna.
Tarehe kumi na tatu, hakuna.
Tarehe ishirini: *Chozi, 1.*
Mjukuu wangu alisoma akaniuliza, "Babu, ulilia?"
Nikamwambia ni ndege, yule mdogo wa kung'aa,
alipita kwenye ua la mgomba, hakukaa.
Ni ndege.

Tuliambiwa fuata nyuki ule asali.
La kufanya nyuki asipokuwepo, hatukuambiwa.
Mwamvita akachuma ua dume, akalimenya kama ndizi,
akalipaka ua jike chavua, taratibu,
kama anayempaka mtoto wanja.
Mtu mzima na akili zake, anafanya kibarua cha mdudu!
Maua kumi na moja, mgongo ukagoma.
Mawili yalishika.
Tisa yakageuka njano, yakadondoka.

Agosti, kipupwe kikivuma, fundi umeme
alipanda kubadilisha mita ya Bwana Mng'ong'o, jirani,
akashuka akipangusa nyusi:
"Kuna vijidudu humu, nipeni dawa."
Skola akawahi, akashika mguu wa ngazi.
Tukachungulia. Kwenye ufa wa tofali, nyuma ya mita,
kijimrija cha nta, chembamba kama mrija wa soda,
na nyuki weusi kama punje za ufuta
wakitoka, wakiingia, wakitoka.
Hawaumi. Wanapenda tu nyusi za watu.

Bwana Mng'ong'o, ambaye hajawahi kutusalimia
ila kudai jembe lake,
alilala gizani siku mbili
hadi mita ilipohamishiwa ukuta wa pili.
"Basi boga la kwanza langu," akasema,
akafunga mlango.

Sasa ni Oktoba, vuli inanukia upande wa Pugu.
Vijiti vinne, cha tano kimelala.
Vinne tena, kimelala.
Saa nne kasoro dakika kumi ua limeanza kujikunja
na mmoja yumo ndani, hana haraka.
Sijui nimwandike ametoka au ameingia.
Ghalani tungeiita tofauti ya hesabu,
tungeitafuta hadi taa ziwake.

Nimeuacha mstari wazi.
Nimekwenda kumwagilia bamia.