Kioo cha Kati

Mtu wa bandarini aliyelishusha Mtwara
aliniambia wamezaliwa wanne tumbo moja:
kuna fupi, la mwenye haraka,
kuna la deraya, la mwenye maadui,
kuna la paa la kufunuka, la mwenye kupungiwa mikono,
na refu, hili letu, la mwenye watu.
Nikatia sahihi. Mita sita na ushee.

Bwana Nandonde alikaa nyuma, kulia, siku zote.
Mimi mbele. Kati yetu kioo
kinachopanda kwa kidole, bila hata kuguna.
Akitaka neno, kwangu huwaka taa ndogo ya kijani.
Kwa miaka mitatu iliwaka mara kumi na moja.
Nilihesabu, maana barabara ya Nanyamba ni ndefu
na mikorosho yote hufanana.

Nilimjua kwa vipande:
kofia ya viua, paji la uso,
jicho moja kwenye kioo cha juu
likipitia magunia ya watu kando ya njia
kama anayehesabu meno ya mtoto.

Newala maji hununuliwa.
Gari likioga ndoo sita.
Mke wangu Somoe akioga moja,
na povu lake akilimwagia mchicha.
"Mkubwa wako keshaoga?" huniuliza nikirudi,
wala hamsemi Bwana Nandonde.

Siku ile, mnada wa Tandahimba, bei iligomewa.
Wakulima walikunja mikono, wakakaa juu ya korosho zao.
Aliingia bila salamu, mlango ukajifunga
kwa sauti ya mtu anayemeza mate.
Tukaondoka.

Ndani ya gari lile hata shimo ni habari ya kusimuliwa.
Nilikwepa jiwe, nikakwepa mbuzi wa Mahuta,
nikajisifu kimoyomoyo:
leo, Bakili, hata hajatikisika.

Getini nilishuka, nikavua kofia,
nikafungua mlango wa nyuma, kulia.
Hakushuka.

Daktari alisema: nusu saa, pengine zaidi.
Yaani tangu wale mbuzi.

Wananiuliza, taa haikuwaka?
Nawajibu, haikuwaka.
Usiku ndipo nakumbuka jua la alasiri,
lilivyokuwa limenijaa usoni
hata mikono yangu kwenye usukani sikuiona.

Kumpeleka kwao Mkunya, jeneza likakataa kuingia.
Gari refu kuliko yote wilayani
halikuwa na mahali pa mtu kulala:
meza imekazwa kwa skrubu,
jokofu la soda limekazwa,
viti havikubali kung'oka.
Tukamwita Chimbwahi na kirikuu chake cha mkaa.
Kikafagiwa, kikatandikwa mkeka.
Wakapanda vijana, wakapanda wazee,
na wale waliokunja mikono Tandahimba nao wakapanda,
wakaning'inia, wakimshika huku na huku asiteleze.
Kumbe watu alikuwa nao.

Mimi nilifuata nyuma na gari tupu,
nikila vumbi lao.
Kila kona nilitazama kioo cha juu.
Mazoea.

Siku hizi Bi Esha, mjane wake, hulikodisha kwa harusi.
Mwezi wa kumi, korosho zikilipwa, halipumziki:
Masasi Jumamosi, Mikindani Jumapili,
riboni mbele, maua ya plastiki kwenye vitasa.
Bibi harusi hukaa nyuma, kulia.
Simwambii.

Huwa wanabonyeza, kioo kinapanda.
Wana haki yao, ndiyo kwanza wameoana.
Nami hukishusha tena, si sana,
upana wa vidole viwili.

"Dereva, vipi kioo?"

Kibovu, nawaambia.
Halafu naendesha pole pole,
nikiwasikia wakicheka.