Hatua Arubaini

Wanasema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Haya. Lakini hakuna aliyeniambia
zinamwita nani.

Miye niliambiwa tu: shika kurunzi, Bi Mize,
funika kioo kwa kitambaa chekundu,
na kila chura anaposita, chomeka kijiti.
Elfu kumi kwa usiku. Nikakubali.
Bonde la Kangagani nalijua kwa nyayo,
kila tuta la jaruba, kila shimo la kaa.

Masika. Mpunga umefika gotini.
Faki, mwanafunzi, kijana wa Wete,
akaweka spika yake juu ya tofali.
Ndani yake dume mmoja aliyemnasa juzi,
sauti nzito, kama mlango wa mvule
unaofunguliwa na mtu asiye na haraka.

Hatua kumi: madume wakageuka.
Mmoja akavimbisha koo, akajibu.
Mwingine akaja kishari, kifua mbele,
kama aliyesikia watu wanagawana shamba la babake.
Hatua ishirini: kila mtu kwake, ila sauti juu.
Hatua arubaini: hawakujishughulisha.
Na yule mdogo, simsahau,
aliyekaa kimya kando ya mwenye sauti
akisubiri njiani. Hakulia hata mara moja.
"Huyu anavizia," Faki akacheka.
Namjua, nikamwambia. Mtaani kwetu yupo.

Majike hawajibu.
Jike hana wimbo, ana masikio.

Huyu wa saa nne na nusu
alitokea mgombani, tumbo limejaa mayai,
hatua arubaini kamili, nilizihesabu mwenyewe.
Akasita. Kijiti.
Akageuka kidogo, kama anayetafuta stesheni,
akaruka mara mbili, akasita. Kijiti.
Akawapita madume watatu wanaolia karibu,
hata hakuwatazama.
Kijiti. Tuta. Kijiti. Kijiti.
Mstari wake ulinyooka
kuliko mpaka wowote wa shamba hapa Pemba.

Akafika. Akapanda tofali.
Akaigusa spika kwa mkono
(wana mikono, vidole vinne vinne),
akazunguka nyuma yake,
akarudi mbele, akakaa.
Sauti ikaendelea kumwita
pale pale alipo.

Simu yangu nimeifunga kwenye pindo la kanga.
Mna Shaame humo, miaka mitatu ya Shaame,
kutoka Maskati: *Mfungo Mosi nakuja, Mize.*
Sikuitoa.
Niliinama tu, nikazima spika.

"Bi Mize! Umeharibu!"
Akaandika daftarini: batili.

Bonde lakini halikuzimika.
Jike akakaa, kadiri ya Kulhuwallahu tatu,
kisha akageuza kichwa
kule kwenye jaruba la kina Mbarouk,
kulikokuwa na mmoja anayekoroma,
sauti mbaya, imepasuka,
imetoka kooni.

Nilikuwa na vijiti vitano bado mkononi.