Mtawa wa Kuze

Neno hili, mtawa, nimekua nikilisikia
likitajwa kwa sauti ya chini, kama jina la dawa:
"Bi Thureya? Aa, yule mtawa,"
kisha mtu humeza mate,
huuliza bei ya papa imefika wapi.

Nilidhani ni kazi.
Kama Feruzi alivyo kinyozi
na Kazungu muuza maji,
naye Bi Thureya, ghorofa ya pili,
mlango wa kijani uliobambuka rangi,
kazi yake kutawa.

Saa kumi usiku Kazungu husukuma mkokoteni
kwenye kichochoro kisichopitisha wanene wawili.
Mitungi kumi na miwili, yote ya njano,
yote iliwahi kuwa ya mafuta ya kupikia.
Mifereji imekauka tangu Jumanne.
Hupanda ngazi na mtungi mmoja,
hugonga mlango kwa kisigino:
"Hodi, mama. Maji yako na Mungu wako."
Humlipa sarafu alizofunga pembeni mwa leso,
hata deni la juzi, ambalo Kazungu alishalisahau.

Lita ishirini.
Nusu ya chai na sufuria.
Nusu haiguswi, hata ukiwa na kiu
ya kutoka Ramadhani hadi Ramadhani.

Mwaka goti lake lilipokataa kupinda
nilitumwa kumshikia birika.
Magharibi inakaribia, simu inatetema mfukoni,
na akili yangu iko Nyali,
kwenye sherehe niliyoalikwa nusunusu.
Viganja. Mdomo. Pua. Uso.
Mara tatu tatu, bila haraka,
kama mtu anayeosha mchele wa harusi.
"Polepole," akasema. "Maji si yetu."

Ndipo nikamwuliza, kwa ujeuri, sikatai:
"Bi, haya ulichagua?"

Akacheka mpaka meno yake mawili ya juu yakaonekana.
"Nani, mimi? Mimi nalitawishwa.
Nalikuwa na miaka kumi na mitatu.
Baba akatia komeo, akasema
mwana wa kike akivunja ungo
ndia si yake tena.
Ndugu zangu wakenda skuli na mikoba ya turubai.
Mimi nikapewa dirisha.
Nalo dirisha, mbao zake zimelala:
waona kofia za watu, huoni nyuso."

Miaka minne alihesabu kofia.
Wa tano zikamchosha,
akaanza kuhesabu jina moja,
kwa kokwa za tende alizoosha
akazianika juu ya kabati.
"Usidhani yalikuwa mapenzi. Ilikuwa hasira.
Nalimwita kama unavyomgongea jirani ukuta
azime redio."

"Akaitika?"

Hakunijibu. Akasogeza mguu wa kushoto.
Nikamimina.

Baba yake alipozikwa, kaka zake walikuja na nyundo.
Waling'oa komeo, wakaomba radhi, wakanywa kahawa.
Siku hiyo Bi Thureya alitembea hadi Makadara peke yake,
akanunua kachiri za pilipili,
akazila akiwa amesimama, barabarani, mchana kweupe.
Chini ya kila kofia palikuwa na uso.
Nyingi, aliniambia, zilikuwa na usingizi tu.
Kabla ya Alasiri alikuwa amerudi,
na fundi akaitwa kutia komeo jipya,
safari hii upande wa ndani.

Mama yangu husema huo ni uchaji.
Shangazi Nuswaiba husema ndege wa tunduni
ukimfungulia, hurudi kula pale pale.
Wamelibishania hilo juu ya vitumbua
kwa miaka, na hakuna aliyepanda ngazi kuuliza.
Mimi niliuliza,
na bado sijui nimwamini nani:
tawa, tawishwa, tawadha, tawala,
maneno yamekaa jirani
na hayaamkuani.

Maji ya miguu yake hayamwagwi.
Yapo kwenye beseni, na beseni ni la mrehani,
ulioota ndani ya kopo la rangi hapo dirishani.
Nilimimina mimi.
Adhana ikaanza, akanipa mgongo,
nikawa sipo.

Nyali nilikwenda, ndiyo. Nilichelewa.
Mkono wa shati ulikuwa umelowa mpaka kiwikoni
na unanukia mrehani usiku kucha.
Watu walicheza.
Hakuna aliyeuliza.