Kilo Mbili na Robo

Sheria ya mlima imeandikwa getini kwa rangi ya kijani:
ULICHOPANDA NACHO, SHUKA NACHO.
Ganda la yai. Betri. Uzi wa kiatu.
Hata kile ambacho watu hukitaja kwa kunong'ona
mgeni hukifunga mfukoni, nami nakibeba,
maana mimi ndimi mgongo.

Bibi yangu hakuwa na kibao.
Alisema tu: ukiipita mianzi, shusha sauti.
Usiinyooshee Nzururu kidole, ina haya.
Na miaka yote ile hakuna aliyeacha kopo kule juu,
kwani nani angethubutu kula mbele yake?

Kisha tukaizoea. Buti za mpira, kamba,
mwalimu Nzanzu na daftari lake ndani ya nailoni.
Mwaka niliomwachisha kitinda mimba ziwa
tulitoboa barafu kwa keekee ya mkono,
tukazamisha bomba la alumini, refu kuliko mwanamume,
likabaki nje kiasi cha kidole gumba.
Akalichora mstari mwekundu pale barafu ilipoishia.
"Ithungu," akasema, "hili litatueleza."

Lilitueleza.
Mwaka wa pili, shubiri. Uliofuata, goti.
Lilipofika kiuno, mwalimu akaacha mizaha.

Juzi nimelikuta limelala juu ya mwamba,
mwamba mweusi, mtupu, unaotoka jasho,
limelala kama shahidi aliyechoka kungoja kuitwa.
Hapakuwa na kitu cha kulisimamisha.
Nikakumbuka rangi ya kijani.
Nikalifunga pamoja na magodoro.

Getini Syahuka alilining'iniza kwenye mizani.
"Kilo mbili na robo. Aina?"
Sikujibu. Akaandika *takataka*, akagonga mhuri.
Nikamwuliza: na barafu yenyewe,
iliyoshuka bila mpagazi,
ikapita usiku na Nyamwamba ikigonganisha mawe,
umeiandika safu gani?
Alinyonya kalamu.
"Haikupita getini," akasema.

Sasa bomba limesimama shambani kwangu, Kilembe.
Maharage yanalipanda, yanajizungusha bila kuuliza,
yamekwisha kuupita mstari mwekundu.
Kitinda mimba, ambaye sasa ananipita kimo,
anataka kujua ule mstari ni wa nini.

Namwambia: kwanza, shusha sauti.