Kipilefti

Pale Kingsway, Dundee, kabla hakujapambazuka,
kuna kipilefti nilichokizunguka mara tisa
asubuhi moja, huku Bwana Petrie kule Lochee
akinisubiri nimvalishe soksi.

Gurudumu lilikanyaga kitu. Kitu kidogo,
shimo, au mfuniko wa mtaro,
au mtu.
Nikarudi. Hakuna mtu.
Nikaondoka. Je, kama kaviringikia majanini?
Nikarudi. Majani, kopo la bia, glavu ya mtoto.
Glavu!
Nikarudi.

Jina langu Tatu. Kwetu nilizaliwa wa tatu,
na kila jambo nikalifanya mara tatu,
kisha hizo tatu mara tatu,
hadi hesabu yenyewe ikaniponyoka, nikaanza moja.

Usiku Hemedi alinipokea na tochi ya simu.
Alipiga magoti kwenye theluji, akaimulika bampa,
akapitisha kidole, akaniletea kidole machoni:
"Chumvi, mke wangu. Chumvi ya barabarani."
Nililala saa moja. Nikamwamsha.
"Una hakika ni chumvi?"
Akavaa viatu, akatoka tena.
Tulidhani hayo ndiyo mapenzi.

Shangazi alipiga simu toka Pangani: soma dua.
Nikasoma. Nikatilia shaka herufi moja, nikasoma upya.
Dua nayo ikawa kipilefti.

Eilidh ana chumba juu ya duka la viatu,
na hita inayokohoa.
Aliniuliza, kwenu ugonjwa huu mnauitaje?
Nikamwambia, sisi hatuuiti ugonjwa. Tunasema wasiwasi.
Akajaribu kulitamka, polepole, kama anayepima barafu kwa mguu:
wasi. Wasi.
Umri wote huu sikuwahi kulisikia:
neno lenyewe halijiamini,
limeshajitaja, na bado limerudi kujitaja.

"Niambie basi kwamba sikuua mtu."
"Nikikwambia leo," akasema, "kesho utataka mara mbili."

Wiki ya kwanza alinipa kalamu, niandike:
Huenda nimemgonga mtu, na sitajua kamwe.
Mkono ulifika "sitajua" ukagoma.
Wiki ya nne tulipita Kingsway pamoja, yeye pembeni yangu,
akiniuliza hofu ni ngapi kwa mia.
Tisini na tano. Usirudi.
Tisini na tano. Usirudi, Tatu.
Tuliegesha mbele ya duka la mikate,
tukaingoja ishuke yenyewe,
nami nimeshikilia usukani wa gari lililozimwa.

Hemedi naye alipewa kazi yake, ngumu kuliko yangu.
Usiku nilimwuliza. Akaegemea friji,
akaitazama tochi, akaiweka kifudifudi.
"Huenda," akasema. "Huenda umemgonga."
Nilimtukana kwa Kidigo, matusi ya mama yangu.
Baadaye nilimsikia chooni,
amefungua bomba ili nisimsikie.

Leo ni Novemba, ukungu umepanda kutoka mto Tay.
Niko peke yangu. Kishindo.
Moyo ukaruka, na mkono ukaanza kukata kona
kwa njia unayoijua.
Kioo nilikitazama mara moja, kama madereva wengine.
Nikawasha indiketa.
Nikatoka.

Bwana Petrie alikuwa kitandani, miguu wazi, baridi.
"Leo umewahi," akasema.
Sikumwambia huenda nyuma yangu kuna mtu amelala barabarani.
Nilipiga magoti.
Tisini. Kisigino chake kimepasuka, kinataka mafuta.
Themanini na tano. Anasimulia habari za mbwa aliyekufa
mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Sabini, labda.
Soksi ya pili haikufanana na ya kwanza.
Nikaivuta mpaka juu,
nikaiacha.