Mwaa Mmoja

Walidonoana tangu Shaabani.
Migongo myekundu, mikia mitupu,
na yule wa shingo ndefu akila manyoya ya mwenzake
kama mtoto atafunaye pindo la kanga.
Jirani akasema: husuda. Fukiza ubani.
Nikafukiza.
Mayai yakazidi kuwa madogo.

Akaja Shaame wa Mifugo na pikipiki yake ya kukohoa,
akatia mkono ndooni: pumba, mahindi, mashudu,
dagaa viganja viwili (Kengeja dagaa ghali siku hizi).
"Chakula tele," akasema, "ila pana kimoja hakitoshi."
Hakunisomesha. Aliokota ukili wangu kibarazani,
akachomoa mwaa mmoja kati ya saba.
"Haya, endelea."

Nikacheka.
Sita mirefu, na mkono umesimama.

Ndipo akanipa kipakti: methionini.
Jina geni, harufu ya yai viza.
Gramu mbili kwa kilo, si kwa kukisia.
Nikaazima mizani ya sonara;
iliyozoea vipuli vya harusi
ikapima chakula cha kuku.

Wiki ya tano vijinyoya vikachomoza,
vigumu, kama ndevu za Shaame.

Jana mjukuu wangu, chai ya rangi na muhogo,
mchana muhogo,
usiku akautazama muhogo, akauliza:
"Na sie, bibi, mwaa wetu upi?"

Trei lilikuwa la kuuza, thelathini kamili.
Leo mnunuzi kahesabu ishirini na tisa,
kanitazama.
Mie nikatazama ukili.