Dirisha Namba Tatu

Bibi Mwanahawa alilea watoto wa watu Osterbei
miaka kumi na mmoja, akafua
soksi zisizojua tundu.
Hakuwahi kumsema vibaya yule mama wa Kizungu.
Alimpa nguo, alimpa kwinini,
siku ya kuondoka alilia mpaka kamasi.
“Alikuwa mwema,” Bibi husema, akichambua mchele,
“ila wema wake ulinisindikiza mpaka getini.
Pale ukageuka, ukarudi ndani.
Iliyonifikisha Ilala ni sheria:
ndiyo iliyojua mtaa wangu,
bomba langu, wodi yangu, na nikifa, nizikwe wapi.”

Nilikuwa mdogo. Nilidhani ubaguzi ni mtu:
ana uso, anatema mate,
unaweza kumvizia uchochoroni na jiwe.

Mathalani Altaf, wa duka la vifungo.
Tuligombania gololi, akaniita golo.
Nikamwita gabacholi.
Tukanuna, tukagawana kashata,
nikahesabu moyoni: sare.

Haikuwa sare.
Neno lake liliniuma, sitajidai halikuniuma.
Lilimzidi umri; alilikuta nyumbani
kama alivyoikuta kaunta,
na jengo lilikuwa la baba yake, hilo nalo ni kweli,
na mama yangu alipandia ngazi za uani.
Lakini langu, nilipolirusha,
lilidakwa na kijiwe cha kahawa,
muuza ndizi akalicheka,
mwalimu akajifanya anasahihisha madaftari.
Nyuma ya neno langu ulisimama mtaa mzima.
Nyuma ya Altaf alisimama baba yake,
anafunga mlango wa chuma saa tisa mchana.

Sasa nina miaka arobaini na minne.
Nina mhuri.
Nina feni inayozunguka kwa kusitasita
na waraka uliobandikwa kwa gundi, upande wangu wa kioo:
*Panapo shaka, mwombaji alete vielelezo vya babu.*
Aliyeuandika simjui. Labda amestaafu, anafuga kuku Kibaha.
Hakusema shaka ina rangi gani.
Hakuhitaji.

Juzi alitangulia kijana mmoja
aliyelitamka jina la wilaya yake
kama mtu aliyelisikia redioni.
Nikagonga mhuri bila kuinua uso.
Alifanana na mjomba wangu. Shaka ilipita juu yake
kama mvua ya ng'ambo ya pili ya barabara.

Nyuma yake, Shirin Walji.
Mwalimu Walji. Aliyenifundisha kugawanya sehemu
kwa chungwa halisi na kisu butu,
aliyezaliwa hatua chache kutoka dirishani pangu,
ambaye Kiswahili chake kimenyooka
kuliko hiki ninachokuandikia.

“Mwalimu, tutahitaji cheti cha babu.”

Hakufoka. Ningeshukuru angefoka.
Alifungua mkoba. Alikuwa nacho,
ndani ya nailoni, na cha bibi pia,
na risiti ya kodi ya kichwa, imeliwa na mende pembeni.
Nani hutembea na wafu wake mkobani
kwenda sokoni, kwenda hospitali,
kama si mtu aliyekwisha kuulizwa, akaulizwa tena?

Simchukii. Ningeapa kwa msahafu.
Niliukagua moyo wangu palepale, kona hata kona:
safi, kama sahani ya mgeni.
Na mkono wangu, uliokuwa nje ya moyo, kazini,
ukalisukuma faili kwenye rundo la kushoto.

Rundo la kushoto halina chuki.
Lina vumbi.

Nilitaka kumwambia kuhusu chungwa.
Nilitaka kumwambia nimekua, nina watoto,
wa mwisho anapenda hesabu.
Badala yake nikatafuta sauti nzuri
kuliko zote nilizonazo, nikasema:
“Njoo Jumatano, mwalimu wangu.”

Akashukuru.
Nikamsindikiza kwa macho
mpaka getini.